Binti wa Bucha Hekaluni

Kuna uchovu wa mwili, huo ukilala unaamka umekwisha. Na kuna uchovu wa moyo, huo ukilala nao unaamka kabla yako, unakuamsha unakwambia, haya, tuendelee. Binti wa bucha alikuwa nao wote wawili mchana ule alipofika kwenye geti la hekalu la Wajaini, kichupa kimefungwa kitambaa mkononi, moyo unamdunda kama mchi kwenye kinu.

Alikuwa ameoga, akaoga tena. Amejisugua limau, amejisugua sabuni ya mche, amejipulizia manukato ya kuazima. Lakini harufu ya bucha ni kama wifi mkorofi: hata ukifunga mlango, yumo ndani. Njiani mbwa wa jirani alimfuata mpaka kwenye kona, mkia unacheza, na yeye akamwambia, "Rudi bwana, leo sina kitu. Leo nakwenda ukweni."

Ukweni! Alicheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka.

Baba yake alikuwa mwenye bucha ya pale mbele ya soko. Mama alipofariki walibaki wawili, na mgongo wa baba ulipoanza kumsaliti, binti ndiye aliyeshika kisu na mizani. Siku moja namba za mizani zikaanza kumchezea machoni, akaenda kwa fundi miwani kupimwa. Fundi akamwinamia na kile kitochi chake kidogo, akayatazama macho yale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, akasema, "Macho yako hayana ugonjwa. Yamechoka tu."

"Na mengine yote pia," binti akajibu, wakacheka. Basi mambo yakaanzia hapo.

Lakini fundi alikuwa Mjaini, wa dini ile ya kale ya Wahindi, na kwa Wajaini hata sisimizi ana haki ya njia. Hawaui, hawali kilichouawa, hawauzi, hawanunui. Mtoto wa nyumba kama hiyo na binti wa bucha! Wakapendana kwa kujificha. Fundi hakuwahi kukanyaga buchani. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la madaftari, anajifanya anachagua, mpaka binti atoke. Ndivyo walivyoishi, mwaka ukazaa mwaka. Wenzake binti wakaolewa, wakazaa, wakaja kununua nyama na watoto wanaotembea. Wakamwambia mvumilivu hula mbivu. Yeye akawajibu mbivu zimeshaoza mtini.

Wiki ile alimwambia fundi bila kupiga kelele, kwa kuwa hata nguvu ya kelele hakuwa nayo: "Nimechoka. Ama unijulishe kwa mama yako, ama tuagane kwa heri."

Fundi akasema, "Njoo hekaluni. Mama atakuwepo. Nitakuonyesha kwetu, halafu nitakupeleka mbele yake."

Ndiyo safari yenyewe hii.

Getini alikaa mzee wa kutunza viatu, kofia imeinama usoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Viatu hapa."

Akavua.

"Na mkanda."

"Mkanda nao, babu?"

"Si wa ngozi huo? Ngozi haiingii. Na mkoba pia nipe."

Binti akautazama mkoba wake mzuri, wa ngozi halisi, akautoa. "Babu, ukiendelea hivi nitaingia na nini?"

"Na roho yako. Hiyo haina ngozi." Mzee akacheka mwenyewe, akaona kitambaa. "Na hicho?"

"Zawadi. Ya mama mkwe."

"Mama mkwe wa humu ndani?" Mzee akainua kofia amtazame vizuri. "Haya, pita mjukuu wangu. Pita, nitakulindia viatu vyako vizuri, usije ukavitaka kwa haraka."

Fundi alikuwa anangoja juu ya ngazi, amevaa nguo nyeupe. Hawakushikana mikono, maana watu walikuwa wanapita. Walitazamana tu. Lakini kuna kutazamana na kutazamana, na hawa wawili walikuwa wamejifunza kusalimiana, kuulizana habari na kupeana pole kwa macho tu.

"Umekuja," akasema fundi.

"Nimekuja. Miguu ilikataa, nikaiburuta."

Wakaingia. Binti alikuwa amezoea kuliona kuba la hekalu kutoka sokoni, jeupe kama yai lililosimamishwa. Hakujua ndani kukoje. Kulikuwa marumaru chini, marumaru juu, marumaru pande zote, na jiwe lile lilikuwa baridi hivi kwamba nyayo zake, zilizovimba kwa kusimama, zilishukuru zenyewe. Nguzo zilisimama msitu mzima, kila moja imechongwa kutoka kisiginoni mpaka utosini: maua, shanga, wachezaji ngoma, tembo wadogo wamefuatana mkia kwa mkonga.

"Tafuta nguzo mbili zinazofanana," fundi akanong'ona.

Akatafuta. Akazunguka hii, akarudi kwenye ile. "Hazipo."

"Hazipo. Hata mimi niliyekulia humu sijaziona."

"Nani aliyekuwa na subira hii?"

"Mafundi wa ng'ambo. Babu wa babu yangu na wenzake walichangishana, mawe yakachongwa kulekule yalikochimbwa, kila jiwe likatiwa namba, likazungushiwa majani makavu kama kikombe, yakaja kwa meli ndani ya masanduku. Wanasema masanduku yalijaza uwanja huu wote. Halafu wakaanza kuyapanga, hili juu ya lile. Wazee wengine walifariki hawajaona kuba likifungwa. Na humu ndani hakuna msumari wa chuma."

"Sasa yanashikana kwa kitu gani?"

"Kwa uzito wake, na kwa kukatwa vizuri."

"Kukatwa vizuri nakujua," akasema binti, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Kisha akakumbuka alipo, akaziba mdomo kama mtoto aliyetukana msikitini.

Akatazama juu. Dari la kuba lilikuwa kama ua kubwa lililopinduliwa, petali ndani ya petali, zinashuka zikizidi kuwa nyembamba mpaka mwanga ukapenya kwenye jiwe. Fundi akasema, "Mama yangu huniambia nikilegea katika dini, nije nilale chali hapa nilitazame."

"Humwambii unalegeshwa na nani."

Fundi akamwonyesha mbele.

Mbele, ndani ya vyumba vidogo, walikaa walimu wa kale wa Wajaini, sanamu ishirini na nne za marumaru, miguu imekunjwa, mikono mapajani. Fundi akaeleza kwamba jina lao maana yake ni watengeneza kivuko, watu waliopata njia ya kuvuka mto wa dunia wakawaonyesha wengine. "Wanafanana sana, kwa hiyo kila mmoja ana alama yake chini. Yule simba. Yule nyoka. Huyu wa kwanza kabisa..."

"Ng'ombe dume," binti akamalizia. Alikuwa ameinama, anamtazama mnyama mdogo wa marumaru aliyelala chini ya miguu ya mwalimu. "Huyu namfahamu, Fundi. Huyu namfahamu kila kiungo." Akarudi nyuma hatua. "Unanileta mbele ya ng'ombe."

"Sikukuleta kwa ng'ombe. Tazama macho."

Akainua uso. Sanamu ilikuwa na macho ya kioo, meupe, mboni nyeusi, yako wazi, yanamtazama bila hasira.

"Babu yangu ndiye aliyeyapachika. Likilegea jicho naitwa mimi. Natengeneza ya watu, natengeneza na haya."

"Yapi magumu?"

"Ya watu. Haya hayanung'uniki kwamba fremu inabana." Kisha akasogea karibu kidogo, karibu kuliko desturi. "Nilipokuwa mdogo nilidhani hakuna mtu mwingine anaweza kunitazama hivi, bila kutaka kitu. Halafu ukaja dukani kwangu unalalamika namba za mizani."

Mwanamke akiambiwa hivyo, mwenye afya yake, hulainika. Naye alilainika. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hata akilainika hasahau. Akageuka ukutani asionekane uso.

Ukutani palichongwa mtu amesimama wima, mikono imeshuka, na mimea imempanda kutoka vifundoni mpaka mapajani.

"Huyu naye kafungwa?"

"Hakufungwa. Alipigania ufalme na ndugu yake, akashinda. Mkono ulipokuwa juu kummaliza, akaona ubaya wa alichotaka kufanya. Akaacha vyote, akaenda msituni kusimama akitafuta ukweli. Akasimama mpaka mimea ikamwota."

"Akaupata?"

"Hakuupata. Mpaka dada zake walipokuja wakamwambia, kaka, shuka kwenye tembo."

"Tembo yupi? Si amesimama chini?"

"Ndivyo alivyojiuliza na yeye. Kumbe tembo ni kiburi. Alipokubali tu kuinua mguu, akaupata."

Binti akanyoosha kidole akaufuata ule mmea bila kuugusa. "Mimi nimesimama mlangoni kwako, Fundi, mpaka majani yananikuna magotini. Na wewe ndiye uliye juu ya tembo."

"Mimi sina kiburi."

"Basi una nini?"

Akafikiri. "Woga."

"Haya. Shuka kwenye woga."

Kabla hajajibu, mama yake akatoka kwenye chumba cha ibada. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefunga pua na mdomo, kama wafanyavyo wanaoingia kuipaka liwa sanamu ya mwalimu, pumzi yao isiiguse. Ncha ya kidole ilikuwa bado ya manjano. Akafungua kitambaa taratibu, akamtazama binti kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo zilizovimba. Pale kwenye nyayo macho yakakaa.

"Kumbe ndiye huyu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Binti akafungua kitambaa chake, akatoa kichupa kwa mikono miwili, ameinama. "Nimekuletea hii, mama. Ni kidogo."

Mama akanyoosha mkono, akaona rangi, akaurudisha. "Ni nini?"

"Asali. Asali mbichi, haijachanganywa." Maneno yakaanza kumtoka mbiombio. "Nilisikia hamli nyama, wala mayai, hata viazi na vitunguu vya ardhini hamli. Nikafikiri usiku kucha. Nikasema, asali haina damu."

Fundi akafumba macho.

"Asali ni nyumba ya watu, mwanangu," mama akasema, bila ukali. "Nyuki wamejenga. Mtu akija na moshi, wangapi hufa? Sisi hatuli."

Binti akatamani ile marumaru ifunguke imtie ndani. "Nisamehe mama. Sikujua."

"Mama, kosa ni langu," fundi akaingilia. "Sikumwambia."

"Najua hakujua. Lakini amefikiri. Wengine huja na chokoleti walizokuta kaunta." Mama akakaa kwenye ngazi ya jiwe, akashusha pumzi ya mtu aliyebeba ndoo mbali. "Weka, mwanangu, usijitese. Dogo hilo. Kubwa umeshalifanya. Siku mwanangu aliponiambia umeacha ile kazi ya bucha, nililala usingizi ambao sikuwa nimelala kitambo. Nikasema, binti aliyetua kisu kwa ajili ya mwanangu, huyo nitakubali kumtazama."

Binti akamgeukia fundi. Fundi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Sasa hapa ndipo palipokuwa na mtihani, wasomaji wangu. Njia ilikuwa imeshafunguliwa. Ilimtosha kunyamaza tu. Angekaa kimya akatabasamu, angepata mume. Kisu angekishughulikia baadaye, na baba pia, huko mbele kwa mbele.

"Mama," akasema, "mimi sijaacha."

"Hujaacha nini?"

"Bucha. Leo asubuhi nimekata kabla watu hawajanywa chai, na kesho nitakata. Baba yangu mgongo umekwisha, hana mwingine. Wewe umedanganywa, mama. Na mimi nimedanganywa pia, maana ndiyo kwanza nasikia kwamba nimeacha."

Mama akamtazama mwanawe. "Ni kweli?"

"Mama, nilichoka!" Sauti ya fundi ikapanda, ikagonga kuba, ikawarudia. Akaishusha. "Kila nikimtaja nyumbani panakuwa kama pana msiba. Shangazi wanalia, wewe huli. Nilidhani nikisema ameacha, mambo yatatulia, na yeye ataacha polepole."

"Hukuniuliza," binti akasema.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Ndiyo maana sikuuliza."

"Tumekatazwa kuua," mama akasema kwa taratibu. "Na kinachofuata palepale, wala si mbali, tumekatazwa uongo. Hilo la pili ulikuwa unasinzia ulipofundishwa?" Kisha kwa binti: "Nami nikwambie kweli kama ulivyoniambia. Sipendi. Nikifikiria mikono yako jikoni kwangu, mwili unanisisimka. Sikuchukii. Lakini sipendi."

"Nashukuru mama. Umenitendea vizuri kuliko nilivyotegemea." Akakifunga kichupa chake, akaaga kwa heshima, akatoka.

Fundi alimkuta getini, anafunga mkanda.

"Nisikilize..."

"Nisikilize wewe. Leo nimeingia kwenu. Nimevua kila nilichoambiwa nivue. Wewe miaka yote hii hujavuka barabara moja kuja kwetu."

"Unajua siwezi. Nikiona zile ndoano za nyama, natapika."

"Tapika, kisha uingie. Mimi sikwambii upende. Nafungua alfajiri. Ukinitaka, njoo usimame mbele ya baba yangu, uniombe na kisu changu mkononi, ukijua ni nani unayemwomba. Usipokuja, usije tena kwenye duka la madaftari. Nitajua. Nitapumzika."

"Na ukipumzika utanisahau?"

Macho ya binti yakajaa maji. "Hilo sijui, Fundi. Nitajaribu nikiwa nimekaa."

Mzee wa viatu alijifanya amelala.

Usiku ule siusimulii. Aliyewahi kungoja mtu anaujua, na ambaye hajawahi, aombe asiujue.

Asubuhi foleni ya bucha ilikuwa ndefu mpaka nje. Baba yuko kwenye gogo na shoka lake, anakata mifupa michache anayoiweza, kiuno ameegemeza ukutani. Binti yuko kwenye mizani. Kila kivuli kikipita mlangoni anainua macho, anashusha. Jua likapanda. Akaanza kujifundisha kutoinua.

Ndipo akasikia mama mmoja kwenye foleni anasema, "We kaka, mbona umebadilika rangi? Si wewe fundi miwani?"

"Ndiye mimi."

"Nyie si hamli nyama?"

"Hatuli."

"Sasa umepanga foleni ya nini?"

"Nina shida na mzee."

"Basi tupishe sisi wenye shida na maini!"

Watu wakacheka, wakampita. Akawaacha wampite. Amesimama katikati ya ndoano, jasho linamtoka, leso puani, macho ameyakaza kwenye uso mmoja tu mle ndani. Hakutazama kushoto, hakutazama kulia. Akasogea, akasogea, mpaka akafika.

"Nikupimie nini?" baba akauliza bila kuinua kichwa.

"Sikuja kununua, mzee. Nimekuja kumwomba binti yako."

Shoka likasimama hewani. Baba akageuka akamtazama, kisha uso ukamfunguka. "Wewe si yule mtu wa madaftari? Miaka yote hii nilidhani una watoto wengi shuleni!"

Foleni ikapasuka kwa kicheko. Fundi hakucheka.

"Unajua anafanya kazi gani?" baba akauliza, sasa kwa sauti nyingine.

"Anakata nyama. Nimemwomba akiwa hivyo hivyo. Nilimsingizia kwa mama kwamba ameacha, ndiyo aibu iliyonileta."

"Na kwenu wanasemaje?"

"Mama amekataa."

"Amekataa, nawe umekuja?"

"Amekataa. Lakini amesema kama ni lazima nije, nisije peke yangu kama mwizi wa kuku. Yule pale."

Shingo zote zikageuka. Ng'ambo ya barabara, juani, alisimama mwanamke mwembamba, kitambaa kimefunga pua na mdomo, macho ameyashusha yasione vilivyoning'inia. Malori yalikuwa yanampitia mbele na vumbi lao. Haondoki.

Baba akaweka shoka chini. Akavua aproni. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akaitazama, akanawa tena.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Mama wa watu yuko juani." Akajinyoosha mgongo, akashika kiuno. "Mimi sijakubali kitu, msinitazame hivyo. Lakini mgeni hasimamishwi barabarani." Akatazama huku, akatazama kule, akavuka.

Wakabaki wawili, kaunta katikati.

"Umelala?" binti akauliza.

"Sikulala. Wewe?"

"Hata kidogo."

"Poleni nyote wawili," akasema yule mama wa foleni. "Sasa mkishamaliza kupeana pole, nipimieni maini yangu."

Binti akashika kisu. Fundi hakugeuza uso.